Upitaji wa metali zenye sumu katika utando wa bakteria

Upitaji wa metali zenye sumu katika utando wa bakteria ni jumla ya njia ambazo kampaundi za metali kama zebaki, arseniki, kadimi, risasi, kromi na fedha huingia ndani ya seli ya bakteria na kutolewa humo. Njia hizo ni za aina tatu: kupenya moja kwa moja katika mafuta ya utando, kupita katika matundu na visafirishi vilivyokusudiwa kwa ajili ya virutubishi, na kubebwa na protini zilizo mahususi kwa metali yenyewe.

Suala hili lina umuhimu mkubwa kwa afya ya binadamu na mazingira. Zebaki iliyoingia ndani ya bakteria fulani wa matopeni hugeuzwa kuwa methili-zebaki, sumu inayojikusanya katika samaki. Zebaki ikibaki nje ya seli hizo, badiliko hilo halitokei. Vilevile jeni zinazowasaidia bakteria kuondoa metali mara nyingi hukaa pamoja na jeni za usugu dhidi ya antibiotiki.

Metali muhimu na metali zenye sumu

Bakteria wanahitaji metali kadhaa kwa kiasi kidogo. Chuma, zinki, manganisi, shaba, nikeli na kobalti ni sehemu za vimeng'enya vingi, na magnesi inahitajika kwa kiasi kikubwa zaidi. Hata hivyo metali hizo pia zinadhuru zikizidi kiasi. Shaba, kwa mfano, inahitajika katika upumuaji wa seli, lakini shaba huru ndani ya seli huharibu protini zenye chuma na salfa.

Metali nyingine, kama zebaki, kadimi na risasi, hazina kazi inayojulikana katika bakteria walio wengi. Arseniki, ambayo kikemia ni nusumetali, kwa kawaida hujadiliwa pamoja nazo.

Sumu ya metali hizo hutokana na namna zinavyoshikamana na sehemu za seli. Zebaki, kadimi na arseniki ya aina ya arseniti hushika kwa nguvu salfa iliyomo katika asidi amino iitwayo sisteini, na hivyo kulemaza vimeng'enya. Arseniki ya aina ya arsenati huchukua nafasi ya fosfati na kuvuruga utengenezaji wa ATP, ambayo ndiyo chanzo cha nishati cha seli.

Muundo wa kizuizi

Utando wa seli umeundwa kwa tabaka mbili za fosfolipidi, ukiwa na unene wa nanomita 7 hadi 8 hivi. Katikati yake ni mafuta. Molekuli ndogo zisizo na chaji zinaweza kuyeyuka katika mafuta hayo na kupita, lakini ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, karibu haziwezi kabisa. Kwa sababu hiyo ioni nyingi za metali haziingii bila msaada wa protini.

Bakteria wa Gramu-hasi, kama Escherichia coli, wana tando mbili. Utando wa nje una protini ziitwazo porini, ambazo ni matundu yaliyojaa maji. Katika E. coli matundu hayo huruhusu kwa kawaida molekuli zenye uzito wa hadi daltoni 600 hivi, hivyo ioni za metali hupita bila shida. Kizuizi halisi ni utando wa ndani. Kati ya tando hizo mbili kuna nafasi iitwayo periplazimu.

Bakteria wa Gramu-chanya, kama Staphylococcus aureus, hawana utando wa nje bali ukuta mnene. Ukuta huo una chaji hasi nyingi, nao hushika sehemu ya ioni za metali kabla hazijaufikia utando.

Upande wa ndani wa utando una chaji hasi kuliko upande wa nje. Tofauti hiyo hudumishwa na seli kwa kusukuma protoni nje, nayo huzivuta ioni zenye chaji chanya kuelekea ndani pindi zikipata mlango.

Njia za kuingia

Kupenya moja kwa moja

Hali ya kikemia ya maji huamua kama metali itapenya utando au la. Zebaki ni mfano mzuri. Ioni ya zebaki yenye chaji mbili chanya haipenyi mafuta. Ikiungana na ioni mbili za kloridi hupatikana kloridi ya zebaki isiyo na chaji, na molekuli hiyo hupenya utando kwa urahisi. Lakini katika maji ya bahari, ambako kloridi ni nyingi, zebaki huungana na kloridi tatu au nne, na kampaundi hizo zina chaji hasi ambayo huzuia kupenya. Kwa hiyo kiasi kilekile cha zebaki kinaweza kuwa na madhara tofauti katika maji ya mto na katika maji ya bahari.

Kampaundi ambazo metali imeungana na kaboni hupenya kwa urahisi pia, kwa kuwa hupendana na mafuta. Miongoni mwake ni methili-zebaki, na vilevile tributili-bati, ambayo ilitumika katika rangi za meli ili kuzuia viumbe kuota kwenye mikebe yake ya chini. Matumizi hayo yalipigwa marufuku na mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika mwaka 2008.

Kuingia kwa kufanana na virutubishi

Metali nyingi zenye sumu huingia kwa sababu kisafirishi cha kirutubishi hakiwezi kuzitofautisha nacho. Mifano inayojulikana zaidi ni hii:

- Arsenati ina umbo na chaji vinavyofanana na vya fosfati. Katika E. coli huingia kupitia visafirishi viwili vya fosfati viitwavyo Pit na Pst. Pit huipokea kwa urahisi zaidi, ilhali Pst huchagua fosfati kwa makini.
- Arseniti, katika maji yasiyo na asidi wala besi nyingi, ni molekuli isiyo na chaji. Huingia kupitia GlpF, mfereji ambao kazi yake ya kawaida ni kupitisha gliseroli. Antimoni hutumia mlango huohuo. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba E. coli aliyepoteza GlpF huwa sugu kwa antimoni.
- Kromati inafanana na salfati, nayo huingia kupitia visafirishi vya salfati.
- Kadimi hutumia milango ya manganisi na zinki. Katika Staphylococcus aureus huingia hasa kupitia kisafirishi cha manganisi.
- Kobalti na nikeli zikiwa nyingi huingia kupitia CorA, ambacho ni kisafirishi cha magnesi.

Bakteria hawawezi kuifunga milango hii moja kwa moja bila kujinyima chakula. Wanachoweza ni kuboresha uchaguzi wake. Jambo hilo lilipata umaarufu kutokana na bakteria GFAJ-1 kutoka Ziwa Mono huko California, Marekani. Mwaka 2010 ilidaiwa kwamba bakteria huyo hutumia arseniki badala ya fosforasi katika DNA yake. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2012 hazikuthibitisha dai hilo. Mmojawapo ulionyesha kwamba protini za bakteria zinazoshika fosfati huitambua hata pale arsenati inapokuwa nyingi kuliko fosfati kwa mara 500 au zaidi. GFAJ-1 huishi katika maji yenye arseniki kwa sababu anajua kuikwepa, si kwa sababu anaihitaji.

Njia za kutoa metali

Kwa kuwa kuzuia kabisa haiwezekani, ulinzi mkuu wa bakteria ni kutoa nje kilichoingia. Pampu zinazofanya kazi hiyo zimegawanywa katika makundi kulingana na muundo na chanzo cha nishati.

Kundi la kwanza hutumia ATP. Protini CadA, iliyogunduliwa katika plasmidi ya Staphylococcus aureus, hutoa kadimi. Katika E. coli, ZntA hutoa zinki, kadimi na risasi, na CopA hutoa shaba. Protini za namna ya CopA zinapatikana hata kwa binadamu: hitilafu katika protini mbili za jamii hiyo husababisha ugonjwa wa Menkes na ugonjwa wa Wilson.

Kundi la pili hutumia mtiririko wa protoni. Katika bakteria wa Gramu-hasi kuna pampu zenye sehemu tatu ambazo huvuka tando zote mbili kama bomba moja, hivyo metali hutupwa nje ya seli kabisa badala ya kuachwa katika periplazimu. Mfano ni CzcCBA, ambayo hutoa kobalti, zinki na kadimi. Inatoka kwa Cupriavidus metallidurans, bakteria aliyepatikana katika matope ya kiwanda cha zinki nchini Ubelgiji. Pampu zinazofanana nayo hutoa shaba na fedha.

Arseniki ina mfumo wake uitwao ars. Kimeng'enya ArsC huongeza elektroni kwa arsenati na kuigeuza kuwa arseniti, kisha protini ArsB huitoa arseniti nje. Katika baadhi ya bakteria ArsB hushirikiana na ArsA, ambayo huipatia nishati ya ATP. Kwa mtazamo wa kwanza mfumo huu unashangaza, kwa kuwa arseniti ni sumu kali kuliko arsenati. Maelezo yanayotolewa ni mawili. Kwanza, pampu ya arsenati ingekuwa hatari kwa seli, kwa sababu ingeweza kutupa pia fosfati. Pili, zamani dunia ilipokuwa haina oksijeni hewani, arseniki nyingi ilikuwa katika hali ya arseniti, hivyo inaelekea pampu yake ilitangulia, na ArsC ikaongezwa baadaye.

Zebaki: sumu inayokaribishwa ndani

Usugu dhidi ya zebaki unafuata mkondo tofauti na metali nyingine. Badala ya kuisukuma nje, bakteria sugu huiingiza ndani kwa makusudi, huigeuza, kisha huiacha iondoke kama mvuke. Mwaka 1972 Anne Summers na Simon Silver walieleza kwamba E. coli mwenye plasmidi ya usugu hugeuza zebaki kuwa mvuke.

Jeni zinazohusika hukaa pamoja katika kundi liitwalo operoni ya mer. Hatua zake katika bakteria wa Gramu-hasi ni kama zifuatazo:

1. Ioni ya zebaki hupita utando wa nje na kufika katika periplazimu. Huko hunaswa na protini ndogo MerP, ambayo ina sisteini mbili za kuishika.
2. MerP huikabidhi zebaki kwa MerT, protini iliyomo katika utando wa ndani.
3. MerT huipitisha ndani na kuifikisha kwa kimeng'enya MerA. Katika safari yote zebaki hutoka kwa sisteini moja kwenda kwa nyingine, hivyo haipati nafasi ya kuzurura na kuharibu protini za seli.
4. MerA huiongezea zebaki elektroni mbili kutoka NADPH na kuifanya zebaki ya kawaida isiyo na chaji.
5. Zebaki hiyo hupenya tando bila msaada wowote na kuondoka kama mvuke.

Bakteria wengine wana pia kimeng'enya MerB, ambacho hukata kiungo kati ya kaboni na zebaki. Methili-zebaki ikikatwa hutoa methani na ioni ya zebaki, ambayo hushughulikiwa na MerA.

Mfumo wote husimamiwa na MerR. Zebaki isipokuwepo, protini hiyo huzuia jeni za mer zisisomwe. Zebaki ikifika, hata kwa kiasi kidogo sana, MerR huishika, hubadili umbo na kuruhusu jeni zisomwe.

Hatari ya mpango huu huonekana pale sehemu moja inapokosekana. Bakteria mwenye MerT na MerP lakini asiye na MerA hufa kwa zebaki kidogo kuliko bakteria asiye na mfumo wowote, kwa sababu amefungua mlango bila kuwa na njia ya kushughulikia anayeingia. Matokeo hayo ndiyo yaliyosaidia kuthibitisha kwamba MerT na MerP ni protini za kusafirisha.

Uundaji wa methili-zebaki

Mwaka 1969 watafiti Jensen na Jernelöv wa Uswidi walionyesha kwamba vijidudu katika matope ya chini ya maji hugeuza zebaki kuwa methili-zebaki. Kazi hiyo hufanywa na viumbe wanaoishi pasipo oksijeni, hasa bakteria wanaotumia salfati au chuma katika upumuaji wao, pamoja na baadhi ya akea wanaotengeneza methani. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba jeni mbili, hgcA na hgcB, zinahitajika kwa badiliko hilo.

Kwa kuwa badiliko hutokea ndani ya seli, swali la namna zebaki inavyoingia kwa bakteria hao limekuwa muhimu sana. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba zebaki isiyo na chaji, kama ile iliyoungana na salfidi, hupenya yenyewe. Baadaye majaribio kwa Geobacter sulfurreducens, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kwamba zebaki iliyoungana na sisteini huchukuliwa na kugeuzwa kwa wingi zaidi. Majaribio ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba uchukuaji huo unahitaji nishati, dalili kwamba kuna kisafirishi na si kupenya tu. Bakteria hao wengi hawana operoni ya mer, hivyo inafikiriwa kwamba zebaki huingia kupitia visafirishi vya metali muhimu kama zinki.

Methili-zebaki ikitoka katika seli huingia katika viumbe wadogo wa majini, kisha samaki wadogo, kisha samaki wakubwa, na kila hatua huongezeka. Ndiyo maana samaki walao samaki wenzao huwa na zebaki nyingi zaidi. Sumu hiyo hushambulia ubongo, na huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Ugonjwa wa Minamata, uliotambuliwa rasmi nchini Japani mwaka 1956, ulionyesha ukubwa wa madhara hayo. Katika tukio hilo methili-zebaki ilimwagwa baharini na kiwanda ikiwa tayari imeundwa, bila kuhitaji bakteria. Mahali pengi duniani hali ni tofauti: inayomwagwa ni zebaki ya kawaida, na bakteria ndio wanaokamilisha kazi.

Hali hiyo inahusu pia Afrika ya Mashariki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria, kama Geita nchini Tanzania na Migori nchini Kenya, hutumia zebaki kukamatia dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko ili zebaki iondoke. Sehemu ya zebaki huishia hewani, na sehemu hubaki katika mchanga na matope ya vijito. Kulingana na tathmini ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na binadamu, ukiwa na asilimia 38 hivi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017.

Uhusiano na usugu dhidi ya antibiotiki

Jeni za usugu dhidi ya metali mara nyingi zimo katika plasmidi na transposoni, yaani vipande vya DNA vinavyoweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine. Transposoni Tn21 hubeba operoni ya mer pamoja na jeni za usugu dhidi ya antibiotiki. Kwa hiyo zebaki katika mazingira inaweza kuwapendelea bakteria wasiouawa na dawa, hata pale ambapo dawa yenyewe haijatumika.

Fedha imekuwa na historia kama hiyo. Dawa za kupaka zenye fedha hutumika kwa vidonda vya moto, na katika miaka ya 1970 iliripotiwa Salmonella sugu kwa fedha katika wodi ya wagonjwa walioungua nchini Marekani. Plasmidi yake ilikuja kuonyeshwa kuwa na jeni za pampu ya kutoa fedha. Shaba na zinki zinazochanganywa katika chakula cha mifugo zimezua hofu ya namna hiyohiyo.

Matumizi

Ujuzi wa njia hizi unatumika kwa namna mbalimbali. Protini kama MerR na ArsR zimeunganishwa na jeni za kutoa mwanga ili kuunda bakteria wanaong'aa wanapokutana na zebaki au arseniki. Vipimo vya namna hiyo hugundua ile sehemu ya metali inayoweza kuingia katika seli, ilhali vipimo vya kawaida vya maabara hupima metali yote iliyomo, hata ile isiyofikika.

Bakteria wenye MerA wametumika nchini Ujerumani kusafisha maji machafu ya viwanda: zebaki iliyoyeyuka hugeuzwa kuwa matone ya zebaki ya kawaida na kunaswa ndani ya mtambo. Unasaji huo ni wa lazima. Bila huo, mvuke ungeingia hewani na zebaki ingehamishwa tu kutoka mahali pamoja hadi pengine, kwa kuwa bakteria hubadili hali ya metali lakini hawawezi kuiangamiza.

Tazama pia

- Bakteria
- Utando wa seli
- Zebaki
- Arseniki
- Plasmidi
- Ugonjwa wa Minamata